Shuka Lililoanikwa Kamba Isiyo Yake

"Wizi ni wizi, hata ukiupaka rangi!"

Sauti hiyo ilishuka ngazi zote ikamkuta Fundi mguu wake ukiwa bado juu ya pedali ya cherehani. Hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Sauti ya mama mzazi mtu haijui kwa masikio, huijua kwa tumbo.

"Mama, nakuomba unisikilize," ilijibu sauti ya pili. Hiyo ilikuwa ya chini, yenye lafudhi ya kukanyaga maneno polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kuruka juu ya mawe.

"Nikusikilize una nini? Shuka la mwanangu nimelitafuta wiki tatu! Nimewashuku majirani, nimeushuku upepo, nimefika hadi kumshuku paka wa mwenye nyumba. Kumbe limo humu kwako, limepigiliwa misumari kama ngozi ya ng'ombe!"

"Na mimi nimeona, kwa macho yangu haya mawili," ikadakia sauti ya tatu. Hapo Fundi akajua mambo yameharibika kweli, maana ya tatu ilikuwa ya Mama Redio wa ghorofa ya pili, mwanamke ambaye wewe ukipiga chafya asubuhi, mchana soko zima litakupa pole ya mafua.

Fundi aliitupa sare ya shule aliyokuwa akiipinda, akapanda ngazi mbilimbili, uzi mweupe ukimning'inia begani.

Juu ya paa la jengo lile palikuwa na kamba mbili za kuanikia nguo. Ile ndefu ilikuwa ya wapangaji wote, na kila wiki haikosi ugomvi wa nani kasogeza chupi ya nani. Ile fupi ilianzia kwenye mlango wa chumba kidogo kilichokuwa zamani cha tangi la maji, na ilikuwa ya mtu mmoja tu, mchoraji aliyeishi humo. Walimwita Mgeni. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu alikaa miaka saba, jembe hakupewa, akaachiwa jina.

Alikuja kutoka nchi nyingine na begi moja na brashi tatu alizozisokomeza ndani ya soksi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupaka kuta za zahanati, kijani chini, krimu juu, siku nenda siku rudi, mpaka akawa anaota kijani. Baadaye akapanda cheo, akaanza kuchora vibao vya maduka. Vinyozi walimpenda kwa vichwa alivyochora. Jino alilomchorea daktari wa meno lilikuwa jino kwelikweli, watu wakawa wanapita pale wameshika mashavu. Lakini jioni alichora vya kwake. Kitambaa halisi cha kuchorea hakukimudu, kwa hiyo alikwenda kwa dobi kuchukua mashuka makuukuu yaliyokataliwa na nyumba za kulala wageni; siku nyingine dobi mwenyewe alimletea, akayaacha kwenye kamba. Aliyafua, akayaanika kwenye kamba yake, na yakikauka aliyapigilia kwenye fremu ya mbao, akayapaka gundi na chokaa. Kisha akaketi mlangoni kuanza kuota juu yake. Jengo zima lilijua desturi hiyo: shuka likiwa kwenye kamba fupi, hilo ni la rangi.

Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

Fundi alipofika juu aliwakuta watatu wamebanana mlangoni. Mama yake alikuwa ameshika ubavu wa fremu kubwa iliyoegemezwa ukutani, picha ikitazama ukuta, mgongo ukiwatazama wao. Mgeni alikuwa ameshika ubavu wa pili. Na pale nyuma, chini ya misumari, lilionekana pindo lenye ua jekundu la majani matano, kazi ya mkono wa Fundi mwenyewe, aliyoidarizi jioni nyingi huku akiwaza mambo ambayo hakuyadarizi.

"Nililikuta kwenye kamba yangu, Mama," alisema Mgeni. "Jeupe, limefuliwa mpaka limelainika. Nikajua dobi kapita."

"Limelainika kwa sababu nimelifua mara tatu! Mashuka ya mwanangu hayaendi kitandani na ugumu wa dukani. Yale ni mashuka ya bibi harusi, bwana wee!"

Lile neno, bibi harusi, lilimfanya Mgeni ainue macho, na macho yalipoinuka yakamkuta Fundi amesimama penye ngazi. Alimtazama tu, kama mtu aliyekuwa akisoma barua kwa sauti halafu akafika mstari ambao sauti inamkataa. Nguo kwenye kamba ndefu zikatulia, na Fundi akahisi miguu yake haigusi saruji.

"Bibi harusi wa Bwana Saruji," akafafanua Mama Redio, asije mtu akakosa habari. "Yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Shangazi yake alikuja mwezi jana kuulizia."

"Kuulizia si kujibiwa," alisema Fundi.

"Wewe hukuitwa hapa," alisema mama yake. Akamgeukia Mgeni. "Ng'oa misumari. Shuka langu nashuka nalo sasa hivi."

"Mama, rangi haitoki."

"Nitalitandika na rangi zake!"

"Mama." Mgeni alipangusa jasho kwa mkono, akajiachia mstari wa buluu kwenye paji la uso. "Gari la maonyesho linakuja saa nane. Picha kumi. Yule mama mwenye ukumbi alikuja, akaziona zote, akasema hii ndiyo itakayotundikwa mlangoni, kila anayeingia aanze nayo. Bila hii sina maonyesho. Miaka saba nimechora meno na vichwa vya watu. Nakuomba."

Habari ya maonyesho jengo zima lilikuwa nayo, Redio ilishatangaza: mbali, nchi ya tatu, mji wenye ukumbi wa vioo, na Mgeni angeondoka na picha zake kwenye gari hilohilo. Fundi alikuwa ameisikia habari ile akiwa na pini nne mdomoni, na hakuna aliyejua kwamba alisahau kuzitoa kwa nusu saa.

Sasa aliielewa vizuri kuliko wote waliokuwa pale. Shuka likishuka na mama yake, Mgeni hana safari. Angebaki. Kesho angekuwa mlangoni pake tena, brashi mkononi, na yeye angepanda na beseni lake la nguo kama kawaida. Ilitosha anyamaze tu.

"Nataka nijue jambo moja," mama yake alikuwa akisema. "Shuka lilifikaje kwenye kamba yako? Lina miguu? Niambie. Maana ukishindwa kuniambia, nitawaita wapangaji wote waje waone mwizi wao, na huyo mama wa maonyesho naye atakuta mkutano."

Mgeni aliinamisha kichwa. "Sijui lilifikaje, Mama."

"Mwizi gani anajua!"

"Ni mimi," alisema Fundi.

"Wewe ndiye nini?"

"Niliyelianika pale. Nilikuja na yote mawili. La kwanza nikalianika kwenye kamba yetu. La pili..." Alimeza mate. Uso ulimwaka kama pasi. "Alikuwa amekaa hapo mlangoni anachora, amezama kwenye rangi zake, nami namwangalia. Mikono ilianika yenyewe, Mama. Sikuona ni kamba ipi."

"Makubwa!" Mama Redio akashika kiuno.

"Na ulipokuja kuanua ukalikosa?" aliuliza mama yake.

"Sikujua limekwenda wapi. Kesho yake nikapita, mlango uko wazi, nikaliona pindo. Nikanyamaza."

"Wiki tatu! Mimi namtukana paka wa watu!"

"Nilipenda," alisema Fundi, na sauti yake ikawa ndogo kama tundu la sindano. "Nilipenda kujua kuna kitu changu humo ndani."

Mama Redio alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie jengo lile, betri zilikuwa zimemwishia.

Mama yake Fundi aliiachia fremu. Alimtazama binti yake juu mpaka chini, kisha akasema polepole, bila ukali, na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe.

"Mwanangu, mtu aliyehama kwao mara moja miguu yake imeshajifunza kuondoka. Baba yako aliniambia miezi sita. Aliniambia hivyo akiwa anacheka, begi liko mlangoni. Wewe ulikuwa unatambaa. Leo unashonea watu nguo za harusi, na ile miezi sita haijaisha. Unataka nikuone na wewe unahesabu?"

Fundi aliuvuta uzi uliomning'inia begani, akauzungushia kidole.

"Na wewe," mama akamgeukia Mgeni, "hukujua ni la nani?"

"Nilijua siku ya nne, nilipoliona ua. Nilikuwa nimeshaanza kuchora. Nilipaswa kushuka niseme. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwa sababu ya niliyemchora."

Ee! Hapo hata nzi angetua kusikiliza. Mama Redio alimtazama Fundi, mama akamtazama Fundi, na Fundi akatazama vidole vyake. Usiku ngapi alikuwa amelala akiifikiria picha ile inayotazama ukuta! Alishajiona humo: na beseni kiunoni, au amekunja shingo juu ya cherehani, au vile alivyokuwa siku ile, mikono juu, shuka likimpulizia usoni. Moyo ulimdunda mpaka akaona aibu, asije mtu akausikia.

"Igeuze," alisema mama.

Mgeni aliigeuza.

Haikuwa Fundi.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, amekaa kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, mwanga wa saa kumi ukiwa umemlalia shavuni. Kiwiko juu ya kizingiti. Mapajani nguo aliyoanza kuikunja akaisahau. Macho yalitazama chini, pale barabara inapokata kona, na mguu mmoja ulikuwa umetoka nusu kwenye kandambili, kisigino juu, kama wa mtu ambaye akiitwa sasa hivi atasimama kabla jina halijaisha.

"Huyo ni nani?" aliuliza mama, ingawa alimjua.

"Ni wewe mtupu, shoga," alinong'ona Mama Redio. "Hata hicho kidoti cha shingoni."

"Mimi huwa napunga upepo pale."

Mama Redio aliinama, akainyoosha pindo ya kanga yake.

"Joto la jikoni," alisema tena. "Napunga upepo tu."

Mgeni alizungumza akiitazama picha, si watu. "Kila siku nikirudi kazini nilikuwa nakukuta hapo, Mama. Unaitazama ile kona. Mimi mama yangu nilimwambia mwaka mmoja, imekuwa saba. Uso wake umeanza kunitoka. Pua naikumbuka, sauti naikumbuka, nikijitahidi naikumbuka na mikono. Lakini anavyokaa akiningoja sijawahi kuona, nitaonea wapi? Anayeondoka haoni hilo. Wewe ndiye uliyenionyesha."

Mama yake Fundi alivuta ndoo iliyokuwa karibu, akaipindua, akaketi mbele ya picha. Aliweka kiwiko gotini, na bila kujua akawa amekaa vilevile alivyochorwa. Mama Redio, ambaye pamoja na mdomo wake alikuwa na utu, alikumbuka ana maji motoni, akashuka taratibu.

Fundi alisogea hadi kwenye ukuta mfupi wa paa. Wivu ulimwingia, na alijichukia kwa hilo. Mtu mzima ataanzaje kumwonea wivu mama yake mzazi? Alisikia nyayo nyuma yake, akanusa tapentaini ya kusafishia brashi.

"Nilidhani ni mimi," alisema bila kugeuka. Potelea mbali, aibu ya leo alishaimaliza yote.

"Nimejaribu. Mara nne."

"Nikatokaje?"

"Kama jirani yeyote. Nimezifuta."

"Asante sana."

"Subiri, usikasirike." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na mazoea nacho. "Mtu ukitaka kumchora, lazima umwangalie kama unavyoangalia sufuria. Huku kuna mwanga, huku kivuli, hapa pamebonyea. Mama yako naweza. Mama Redio naweza, ila akinyamaza. Wewe nikikuangalia, jicho linasahau kazi yake. Linakaa tu huko, halirudi na kitu."

"Si useme hujui kuchora."

"Basi sijui kuchora."

Aligeuka. Mstari wa buluu ulikuwa bado uko kwenye paji lake la uso, na Fundi aliutazama mstari ule kama mtu anavyotazama upeo wa mbali akiwa dirishani, mawazo yamelegea, dunia yote imesogea nyuma. Mkono wake ukapanda wenyewe, kama siku ile ya kamba, na kidole gumba kikaufuta. Rangi ilikuwa mbichi. Ilihamia kwake.

"Unaondoka saa nane," alisema.

"Maonyesho ni miezi miwili. Lakini yule mama anasema nikitaka nibaki huko. Ana chumba chenye dirisha kubwa, anasema nitachora bila kuwaza kibao cha mtu."

"Na unataka?"

"Nilitaka. Mpaka uliposema ni wewe uliyelianika."

"Usinibebeshe." Alilisema kwa haraka, maana alijua akichelewa hatalisema. "Sitaki mwanaume anayebaki kwa sababu nilibwata mbele ya Mama Redio. Ningenyamaza tu pale, ungebaki, hukuliona hilo? Nimesema ili uende. Ila ukirudi, uwe umerudi. Usije kunisalimia tu."

"Na Bwana Saruji?"

"Bwana Saruji ametuma shangazi yake. Mimi sijamtuma mtu."

Mgeni hakucheka. Alimtazama, na safari hii alimtazama sana, kama mwanafunzi aliyebakiwa na dakika moja ya mtihani. Fundi akamwacha atazame.

"Nyie!" Mama aliita kutoka kwenye ndoo yake. "Njooni hapa mbele yangu, maana mgongoni sina macho."

Walikwenda. Alikuwa ameshafuta uso kwa pembe ya kanga, na sauti yake ya kila siku ilikuwa njiani inarudi.

"Huko inakokwenda, watu wataniangalia?"

"Wengi, Mama."

"Watasema nini?"

"Sijui. Labda kila mmoja atamkumbuka wa kwake."

Alitafakari. "Haiuzwi."

"Haiuzwi, Mama."

"Akija tajiri na makaratasi yake, haiuzwi. Hilo ni shuka la mwanangu, nimeliazima. Na kinachoazimwa hurudishwa na mikono iliyoazima, si posta, si dereva wa gari. Mikono hiyohiyo." Alivinyooshea kidole vile vidole vya rangi. "Miezi miwili nitakaa dirishani nikupe heshima yako. Siku ya sitini na moja nafunga dirisha na mlango, na mwanangu hutamwona hata kwenye ndoto. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Na sijasema nimekubali kitu. Nimesema shuka lirudi."

"Ndiyo, Mama," walisema wote wawili, wakaogopa kutazamana.

Mama alisimama, akajishika kiuno, akaanza kushuka ngazi. Fundi alimfuata, na Mgeni akaja nyuma amebeba picha, akiikinga pembe zake zisiguse ukuta. Walipofika ghorofa ya tatu mama alifungua mlango wake, akaingia hatua moja, kisha akageuka ghafla hivi kwamba nusura picha yake mwenyewe imgonge usoni.

"Mara ya mwisho kumwandikia mama yako ni lini?"

Mgeni aliiegemeza fremu chini. "Zamani. Nilikuwa nangoja nipate jambo la maana la kumwambia."

"Jambo la maana!" Mama alitikisa kichwa. "Hivi mnadhani tunangoja jambo la maana? Tunangoja kujua kama mmekula."

Alisikia alichokisema. Fundi naye alisikia, hata akashika fremu ya mlango. Miaka yote ile mama yake hakuwahi kulitamka neno hilo, tunangoja. Mama alisimama nalo kidogo, kisha akaona limeshatoka na nyumba haijaanguka.

Akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Iweke picha hapo pembeni, kanawe mikono. Fundi, mpe sabuni ya unga, ile ya kipande haitaiweza hiyo. Karibu ndani ule kwanza, baba. Barua utaandikia mezani."